Tunasafiri Sana, Ila Kila Mtu Huelekea Kwao

Ukitaka kuiona ramani ya siasa za Kenya bila kufungua gazeti, zunguka vituo vya mabasi vya Nairobi wiki moja kabla ya Krismasi. Pale Tea Room wanapanda wa Nyeri, Embu na Meru. Machakos Country Bus, ambako makanga huita abiria hadi sauti zikakauka, wamejaa wa Kakamega, Busia, Kisumu na Kisii. Eastleigh mabasi yanapakia mizigo ya Garissa, Wajir, Mandera, Marsabit na Moyale. Kila steji ina lugha yake, na abiria akishaketi humsalimu aliye kando yake kwa lugha ya nyumbani bila hata kuuliza anatoka wapi. Uchaguzi ukikaribia mambo huwa yale yale, isipokuwa nyuso zina wasiwasi, kwa kuwa wapo wanaowatoa watoto mjini mapema wasije wakanaswa na fujo.

Tumezoea kuambiwa kwamba safari huondoa ukabila, kwamba Mkenya akiizunguka nchi yake atagundua sisi sote ni wamoja. Naamini kuna ukweli mkubwa katika maneno hayo, na makala haya yanautetea. Lakini Wakenya hatukosi kusafiri. Kila wiki tuko njiani kwa mazishi, harusi, mahari, shamba na kura. Safari hizo, karibu zote, humtoa mtu katikati ya watu mchanganyiko wa Nairobi na kumrudisha kwa watu wake. Kwa hiyo tunapaswa kuuliza ni safari ipi humpeleka mtu kwa asiye wake, na akishafika, ni nini hasa kinachowafanya wajuane.

Njia zilizochorwa ili tusikutane

Hatukufika hapa kwa bahati mbaya. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilitungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1915, na ilipoanza kutekelezwa karibu na mwaka 1920, kila mwanamume Mwafrika aliyezidi miaka 16 alitakiwa kubeba kipande, yaani karatasi ya utambulisho, mara nyingi kikiwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Bila hicho hakuweza kutoka katika eneo walilotengewa watu wa kabila lake akatafute kazi kwingine. Kaskazini ilifungwa: wa nje alihitaji kibali kuingia, na wa ndani alihitaji kibali kutoka. Nairobi yenyewe iligawanywa kwa rangi, Wazungu wakakaa Muthaiga na Kileleshwa, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika wakasukumwa Eastlands.

Kisha likaja jambo ambalo, kwa maoni yangu, limetuumiza kisiasa kuliko mengine yote. Vita vya Mau Mau vilipoanza kupungua, mwaka 1955, serikali iliwaruhusu Waafrika kuunda tena vyama vya siasa, ila katika ngazi ya wilaya pekee. Mtu wa Kisumu hakuweza kuwa katika chama kimoja na mtu wa Mombasa. Mwaka 1960, KANU na KADU vilipoanzishwa kuwa vyama vya nchi nzima, viliwakusanya viongozi ambao kila mmoja alikuja na wilaya yake mkononi. Tangu hapo mwanasiasa hupimwa kwa idadi ya watu wa kwao anaoweza kuleta mezani.

Uhuru uliifuta mipaka hiyo kwenye karatasi. Lakini waraka wa sera wa mwaka 1965, ule uliojulikana kama Waraka Namba 10, ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yaliyoonekana yatazalisha haraka, na kaskazini haikuwemo. Hali ya hatari iliyotangazwa huko mwaka 1963 haikuondolewa hadi 1991. Ndiyo maana hadi leo utamsikia mtu wa Marsabit au Moyale akisema "naenda Kenya" anapofunga mzigo wa kuja Nairobi. Katikati ya miaka ya 1980 shule za sekondari nazo ziliwekewa utaratibu wa kuchukua asilimia 85 ya wanafunzi kutoka eneo lao, na watoto wengi wakamaliza masomo bila kukaa dawati moja na mtu wa lugha nyingine.

Leo Katiba ya 2010, Kifungu cha 39, inasema kila raia ana haki ya kuingia, kukaa na kuishi mahali popote nchini. Lami kutoka Isiolo hadi Moyale, takriban kilomita 500, ilikamilika katika muongo uliofuata, na safari iliyokuwa ikichukua siku mbili au tatu juu ya lori sasa ni ya basi moja. Njia iko wazi. Mazoea ndiyo hayajabadilika.

Kukaa kiti kimoja hakutoshi

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alitoa hoja ambayo hadi leo ndiyo msingi wa utafiti kuhusu jambo hili. Alisema kukutana kwa watu wa makundi yanayodharauliana hupunguza dharau iwapo watakutana wakiwa na hadhi sawa, wana lengo moja, wanafanya kazi pamoja, na wenye mamlaka wanaunga mkono kukutana huko. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walichapisha uchambuzi wa tafiti zaidi ya 500 na wakaona kwamba kwa jumla kukutana kunasaidia kweli, hata pale ambapo masharti hayo yote hayakutimia, ila yalipotimia matokeo yalikuwa mazuri zaidi.

Lakini kukutana ni nini? Mtafiti Ryan Enos alifanya jaribio kwenye vituo vya treni katika vitongoji vya Boston vyenye wakazi wengi Wazungu, na matokeo yakachapishwa 2014. Aliwaweka watu waliozungumza Kihispania kusimama kwenye steshini kila asubuhi, kama abiria wengine. Baada ya siku tatu tu, abiria wa kawaida walikuwa wakali zaidi kuhusu wahamiaji kuliko mwanzo. Baada ya siku kumi ukali ule ulipungua. Watu walikuwa wameanza kuzoeana, wengine hata kutikisiana vichwa.

Hapo ndipo abiria wa matatu ya Nairobi anapoingia. Tunabanana watu 14 kwenye gari moja kutoka Kayole hadi mjini, Mluhya, Mkamba, Msomali na Mjaluo, magoti yakigusana, kila mmoja na simu yake na visikizio masikioni. Kubanana huko hakumfunzi mtu chochote kuhusu jirani yake. Siku ya hasira kunaweza hata kumpa ushahidi wa yale aliyokuwa akiyaamini: umeona wanavyosukumana, umesikia wanavyoongea kwa sauti. Anayesema mji mchanganyiko unatosha kuleta umoja na awakumbuke majirani wa Kibera na Mathare waliopigana mwanzoni mwa 2008 baada ya kuishi ukuta kwa ukuta kwa miaka mingi.

Utafiti unaonishawishi zaidi kuhusu safari yenyewe unatoka Pakistan. Serikali ya huko hupiga kura ya bahati kuamua nani apate nafasi ya kwenda Hija. David Clingingsmith, Asim Khwaja na Michael Kremer waliona fursa adimu: waliopata na waliokosa walikuwa watu wa aina moja, wote waliomba, tofauti yao ni bahati tu. Wakawahoji watu zaidi ya 1,600 miezi kadhaa baada ya Hija ya 2006. Waliokwenda walirudi wakiwa na imani zaidi katika usawa wa makabila na madhehebu, wakiwaona watu wa mataifa mengine kwa wema zaidi, wakiunga mkono elimu ya wasichana zaidi, na wakipenda amani zaidi, hata na wasio Waislamu. Dini yao haikulegea. Waliswali na kufunga zaidi kuliko waliobaki.

Tazama safari hiyo ilivyo. Wanaume huvaa shuka mbili nyeupe zisizoshonwa, kwa hiyo tajiri hajulikani. Wote wana shughuli moja, wanaifanya bega kwa bega, na wanakaa wiki kadhaa wakitafuta maji, chakula na njia pamoja na watu wasiojua lugha yao. Masharti ya Allport yote yamo, tena yamo kwa amri ya dini. Na kuna kitu ambacho Allport hakukiweka kwenye orodha yake: muda wa kutosha kwa mgeni kuchoka na kuhitaji msaada. Wazee wetu walilijua hilo waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii mara nyingi hutumiwa kumkejeli mgeni asiyeondoka. Mimi naisoma kama maelezo ya namna mgeni anavyoacha kuwa mgeni. Siku mbili za kwanza anakirimiwa, anaonyeshwa uso mzuri. Akishika jembe ndipo anapoona shamba ni gumu kiasi gani, na wenyeji wanaona yeye ni mtu wa namna gani.

Mbuzi na viazi

Safari ya namna hiyo haihitaji ndege. Kiamaiko, upande wa Huruma, ni mahali ambapo kaskazini ya Kenya hukutana na Nairobi kila alfajiri. Malori kutoka Marsabit, Isiolo na Moyale huteremsha mbuzi na kondoo ambao kabla ya jioni watakuwa nyama kwenye bucha za mji mzima. Wauzaji wengi ni Waborana, Wagabra, Warendile na Wasomali. Wanunuzi ni Wakikuyu, Wakamba, Wajaluo, Wakisii. Mnunuzi anayeijua kazi yake hamtazami mbuzi usoni; anambonyeza mgongoni kwa vidole, juu kidogo ya mkia, akisikiliza kama kuna nyama au ni mfupa. Kiswahili ndicho hupanga bei.

Kwenye kibanda cha chai hapo niliwahi kuwasikiliza wawili, mzee aliyekuja na mbuzi kutoka Marsabit na kijana mwenye bucha aliyezaliwa Nyandarua, ambako wazazi wake bado wanalima viazi.

"Mzee, mbona huyu wako ni ghali hivi?" kijana aliuliza. "Huko kwenu si wako wengi?"

"Huko kwetu nimemwuza mara ya kwanza kwa bei ya huruma," mzee akajibu. "Lori si langu, kijana wangu. Mwenye lori ndiye anayeijua bei ya Nairobi. Mimi najua bei ya kiangazi tu."

Kijana alinyamaza kidogo, akacheka kwa huzuni. "Basi ni kama kwetu. Babangu anauza lumbesa. Broka anakuja na gunia lake, analishonea kilemba juu, halafu analipa la kawaida. Mvua ikinyesha barabara haipitiki, viazi vinaoza, utakataa?"

"Kumbe sisi tunauzwa na kiangazi, nyinyi mnauzwa na mvua."

Mazungumzo hayo madogo yamebeba mambo makubwa. Mzee alikuwa akizungumza kutoka ukame uliokausha misimu mitano ya mvua mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, na mfugaji anayeona mifugo ikifa huuza kwa bei yoyote. Upande wa pili, kanuni za serikali za mwaka 2019 zinataka viazi vipakiwe katika magunia yasiyozidi kilo 50, lakini lumbesa haijaisha, kwa sababu mkulima hana ghala wala barabara ya kumwezesha kusubiri mnunuzi mwingine. Mmoja ni Mwislamu wa kaskazini na mwingine ni Mkristo wa milimani. Vyama vyao havifanani, na nina hakika kura zao pia hazifanani. Ila wote wawili wananyonywa mahali pamoja: pale ambapo mwenye kuzalisha hana njia ya kufikisha mali yake sokoni.

Zingatia pia jinsi walivyofika hapo. Hawakuanza kwa kuulizana nani alimpigia nani kura. Walianza na bei, na kila mmoja alikuwa na ujuzi ambao mwenzake hakuwa nao. Hiyo ndiyo hadhi sawa inayopatikana sokoni na kukosekana kwenye mikutano ya hadhara ya amani, ambako mgeni rasmi hukaa kwenye kiti cha kitambaa na wananchi wakasimama juani.

Ardhi, na ugumu wa kusikiliza

Chini ya bei kuna ardhi, na hapa safari huuma. Mwananchi wa Nairobi akienda Diani likizoni hurudi akiijua bahari na bwawa la kuogelea. Mpwani aliyekutana naye alimletea sinia au alimpeleka kwa tuktuk. Hakuna hadhi sawa hapo na hakuna jembe la siku ya tatu. Lakini akienda kukaa kwa rafiki katika kijiji cha Kwale au Kilifi, akala kilicholiwa na akabaki barazani jioni, hatamaliza wiki bila kusikia habari ya hati miliki. Ataambiwa kwamba sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilitambua madai ya umiliki katika ukanda wa pwani, na kwamba Wamijikenda wengi waliachwa nje, wakawa maskwota kwenye mashamba ambayo babu zao walizikwa.

Kama msikilizaji huyo ametoka Kiambu, hadithi hiyo ni ya nyanyake. Sheria za ardhi za 1902 na 1915 ziliigeuza ardhi ya Waafrika kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza, na wenyewe wakawa wapangaji wanaoweza kufukuzwa. Kama ametoka Kericho, atakumbuka ukoo wa Talai waliofukuzwa mwaka 1934 na kupelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, ili mashamba ya chai yapate utulivu. Huko nyumbani kila kundi limefundishwa kuubeba msiba huu kana kwamba ni wake peke yake. Barazani mtu anagundua kuwa msiba ni mmoja.

Halafu, dakika kumi baadaye, mwenyeji huyo huyo anaweza kusema kwamba baada ya uhuru baadhi ya ardhi hiyo ilikwenda kwa watu wa bara wenye majina makubwa, na jina la kwanza atakalolitaja litakuwa la watu wa kwao mgeni. Hapo wengi hukasirika na kuanza kujitetea. Mimi naona hapo ndipo safari inapoanza kuwa na thamani. Kupata jambo tunaloshirikiana hakumaanishi kwamba hatudaiani. Nyanya wa Kiambu alinyang'anywa na Mzungu, na inawezekana tajiri aliyetoka kijiji jirani naye alinyang'anya Kilifi. Mgeni akiweza kuvisikia vyote viwili bila kuondoka barazani, ataelewa kitu ambacho hakuna mkutano wa kampeni utakaomweleza: kwamba anayemtetea kwa kabila lake si lazima awe mwenzake.

Kaskazini kuna somo la namna hiyo, nalo ni la vitambulisho. Mtu wa bara akipanda basi la kwenda Garissa au Mandera kwa mara ya kwanza hushangazwa na vizuizi. Basi linasimama, watu wanateremka, kadi zinatolewa, mstari unapita mbele ya askari, na abiria wenye sura ya Kisomali huulizwa maswali ambayo yeye haulizwi. Vijana wengi wa huko walisumbuka kwa miaka mingi kupata kitambulisho kwa kupitishwa kwenye mahojiano ya ziada. Mjukuu wa mtu aliyevaa kipande shingoni akisimama kwenye mstari huo, hahitaji kuelezwa na mtu maana ya kuombwa karatasi ili upite katika nchi yako.

Tatizo ni kwamba watu wa bara wanaopanda basi hilo ni wachache. Wa kaskazini huja Nairobi kwa hospitali, chuo na biashara, kwa hiyo wanatujua sisi kuliko tunavyowajua wao. Ndivyo ilivyo kati ya matabaka pia. Mfanyakazi wa ndani anayetoka Kibera kwenda Karen kila asubuhi anaijua nyumba ya mwajiri hadi kabati la vyombo. Mwajiri hajui mlango wa nyumba ya mfanyakazi huyo unafungukia wapi. Barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, imeongeza umbali huo, kwa sababu sasa hata foleni ya magari hatuikai pamoja. Ziara za kupiga picha mitaa ya mabanda hazisaidii, kwa maoni yangu zinadhuru: mgeni anatazama, mwenyeji anatazamwa, na hakuna anayemhitaji mwenzake.

Inafika wapi?

Kuna kikomo ambacho mtetezi wa safari lazima akikubali. Salma Mousa aliwachunguza wachezaji wa soka Wakristo kaskazini mwa Iraq waliofukuzwa makwao na kundi la ISIS. Baadhi ya timu zao ziliongezewa wachezaji Waislamu. Matokeo, yaliyochapishwa 2020, yalikuwa mazuri uwanjani: walikuwa tayari zaidi kujiandikisha katika timu ya mchanganyiko msimu uliofuata, na miezi sita baadaye walikuwa bado wakifanya mazoezi na Waislamu. Lakini nje ya uwanja, kwenda kula mkahawani Mosul kwa mfano, mabadiliko hayakuonekana. Urafiki wa mtu na mtu haugeuki wenyewe kuwa imani kwa kundi zima. Mwenye bucha wa Kiamaiko anaweza kumpenda mzee wa Marsabit na bado akaamini mabaya kuhusu watu wa kaskazini.

Kinachovusha imani hiyo kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa kundi ni mpangilio wa nchi. Edward Miguel alilinganisha wilaya mbili zinazofanana, Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania, na mwaka 2004 akaeleza alichokiona: Busia, vijiji vyenye makabila mengi vilichanga kidogo zaidi kwa ajili ya shule zao kuliko vya kabila moja, ilhali Meatu mchanganyiko haukupunguza chochote cha maana. Watanzania hawana damu tofauti na yetu. Serikali yao ilifanya juhudi za miaka mingi kupitia Kiswahili, mtaala na siasa zisizojengwa juu ya kabila. Nigeria, baada ya vita vya Biafra, ilianzisha mwaka 1973 utaratibu wa kuwapeleka wahitimu wa vyuo kutumikia mwaka mzima katika jimbo lisilo lao. Hizo ni safari zilizopangwa na dola.

Kwetu, safari hizo zimeachiwa watu binafsi, na wengine wamezilipia kwa maisha yao. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kuja Nairobi lilitekwa, abiria wasio Waislamu wakatengwa, na watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakirudi nyumbani kwa likizo. Desemba 2015, karibu na El Wak, washambuliaji walisimamisha basi lingine lililokuwa likienda Mandera na kutaka tena watu watengwe. Safari hii Waislamu waliokuwemo walikataa. Kuna waliowapa Wakristo mitandio wajifunike. Wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa waliokataa, alipigwa risasi, akaletwa Nairobi kutibiwa, na akafariki Januari 2016. Siwezi kudai kwamba saa nyingi za barabarani ndizo zilizowapa ujasiri huo. Dini yao na malezi yao vilikuwepo kabla ya tiketi. Lakini aliyekuwa ndani ya basi lile hakuwa tena Mkristo wa kusimuliwa. Alikuwa mtu aliyeombwa apishe kiti, aliyekula chakula kituo kimoja na wenzake, mwenye mtoto analala magotini pake.

Baada ya mashambulizi hayo na lile la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015, lililoua watu 148, walimu wengi wa kutoka maeneo mengine waliomba uhamisho. Hakuna anayeweza kuwalaumu. Hasara, hata hivyo, ilikuwa kubwa kuliko vipindi vya hisabati vilivyokosa mwalimu, kwa sababu mwalimu anayekaa Wajir miaka mitano ndiye msafiri hasa ninayemzungumzia: ana kazi ambayo wenyeji wanaihitaji, anahitaji maji yao, watoto wake wanacheza na watoto wao, na akirudi Kakamega kwa likizo jirani zake humuuliza Wajir ikoje na humwamini anachosema.

Kwa hiyo, Juni 2024, vijana walipojaza barabara za Nairobi kupinga Mswada wa Fedha na kusema hawana kabila, hawana chama na hawana kiongozi, nilifurahi na nikaogopa. Nilifurahi kwa kuwa bei ya unga na kodi ziliwakutanisha kama zilivyowakutanisha wale wawili wa Kiamaiko. Niliogopa kwa kuwa wengi wao wamejuana Nairobi na kwenye simu, katika mji ambao wote wameuhamia, na Agosti 2027 watapiga kura katika nchi ambayo bado kila steji ina lugha yake.

Sheria tunazo. Sheria ya Uwiano ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ajira za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti hiyo. Ukikitekeleza kifungu hicho katika kaunti zote 47, utapata muuguzi wa Siaya anayepanga nyumba Kerugoya, afisa wa mifugo wa Isiolo anayezunguka mashamba ya Bomet, karani wa Taita anayejifunza salamu za Kiteso. Hao watakaa zaidi ya siku tatu, na watapewa jembe. Kaunti nyingi bado hazijafikia kiwango hicho, na wakazi wake wana haki ya kumuuliza gavana wao kwa nini.